Bata wa Mzee Dolsoe

Paukwa!
Pakawa!
Mtungi!
Wa nani?
Wa Mzee Dolsoe. Basi sogeeni. Na wewe unayecheka pale nyuma, cheka umalize sasa hivi, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Korea, mashariki ya mbali, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Vyombo vyao vilikuwa vya kijani, kijani cha maji ya bwawa yaliyotulia kivulini. Na vilisema, jamani! Ukichorewa korongo, umeombewa maisha marefu. Ukichorewa yungiyungi, umesifiwa moyo safi, maana ua hilo huota topeni na halichafuki. Ukichorewa bata, ni watu wawili wasioachana. Ndiyo maana bata walichorwa wawili, siku zote wawili.

Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Dolsoe. Yeye ndiye aliyeweka sheria: chombo chenye kasoro kisitoke nje kikaonekana. Kivunjwe palepale tanurini. Nyundo alimkabidhi Makdong, mwanafunzi wake aliyempenda.

"Ukiona kasoro, wafanyaje?"
"Navunja, Mzee."
"Unauliza?"
"Siulizi."
"Hewaa!"

Sasa, mke wa Mzee alikwisha kufa. Alibakiwa na binti mmoja tu, Okdan. Okdan akaposwa nyuma ya milima, mbali, mbali, mbaaali.

"Baba, nikikukumbuka nitafanya nini?"
"Nitafinyanga mitungi miwili, mwanangu. Kila mmoja bata mmoja. Wako atazame kwangu, wangu atazame kwako. Ukimimina maji huko, jua nami namimina huku."

Akafinyanga. Akachimba picha kwa kisu, kwaru, kwaru, akajaza udongo mweupe. Akapaka rojo la majivu juu yake, picha ikafichika mpaka moto uje uitoe. Zaidi ya binti yake, hakumwambia mtu. Hapo ndipo alipokosea.

Siku ya kufungua tanuri ikawa ndiyo siku ya wakwe kuja kumchukua bibi harusi. Mzee akaenda kuwapokea. Makdong akafungua tanuri, akatoa mtungi. Lo! Mzuri ajabu. Lakini bata mmoja!

"Maskini mzee wangu, uzee umemwingia. Kamsahau wa pili. Watu wasije wakamcheka."

Akainua nyundo. Kwa mapenzi, jamani, aliiinua kwa mapenzi. Paa! Chwara, chwara, chwara!

Akaingiza mkono tena, akatoa mtungi wa pili. Bata mmoja, anatazama upande mwingine. Nyundo ikamponyoka.

Mzee akarudi, akamkuta amepiga magoti katikati ya vigae.

"Kwa nini hukuniuliza, Makdong?"
"Ulinifundisha nisiulize."

Mzee akainama, akaokota kigae kimoja, chenye kichwa cha bata. Akasema, "Nilifundisha mkono kupiga, sikufundisha mdomo kuuliza. Kosa ni langu." Akampelekea Okdan ule mtungi mzima.

"Na wako, Baba?"
"Uko tanurini, haujapoa."

Okdan akaenda zake akitabasamu.

Miaka ikapita. Kila msafiri aliyevuka milima alileta salamu: "Okdan anauliza, bata wako hajambo?" Mzee akajibu, "Hajambo." Akajibu hivyo mwaka baada ya mwaka. Mfinyanzi hulia gaeni, sisi twasema na kucheka. Mzee Dolsoe alikula gaeni kweli, kigae kilekile, chenye kichwa cha bata, mpaka alipokufa.

Okdan akaja matangani, kaukumbatia mtungi wake. Akatafuta nyumba nzima.

"Wa Baba uko wapi?"

Makdong, sasa ana mvi, akamletea kigae. Punje ya wali ilikuwa bado imegandia. Okdan akakiweka kando ya mtungi, mdomo wa bata kwa mdomo wa bata. Hapo akajua. Uchungu ulioje!

"Laiti ungeniambia, Baba! Ningekuachia huu mzima."

Tangu siku ile, katika kijiji kile, nyundo haishuki kabla ya kuuliza: "Mwenyewe yuko wapi? Alitaka kusema nini?" Nanyi wanangu, ulizeni kabla hamjavunja. Na mwenye jambo moyoni alitoe mapema, maana Mzee, aliyeulizwa miaka yote kama bata wake hajambo, sasa hawezi kujibu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Atakayeiokota, aishike kwa mikono miwili.