Mishale Iliyohamia Mlimani

Sogeeni karibu, na anayetafuna muwa autafune polepole tusikilizane.

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walijenga nyumba, wakafagia nyua na kuazimana chumvi kama sisi, kulikuwa na kijiji chini ya jabali refu. Juu ya jabali kulikuwa na pango, na humo aliishi Bi Pimbi na mumewe. Pimbi mnamjua, ni mdogo; ukimweka kwenye kapu la viazi utamtafuta mpaka uchoke.

Mumewe aliitwa Mapengo, kwa sababu ya meno yake. Bi Pimbi alimpenda sana, na kitu alichokiogopa kuliko vyote duniani kilikuwa ulimi wa Mapengo.

Maana Mapengo alikuwa mtani wa kila mtu. Alishuka asubuhi kuteka maji, na kabla mtungi haujajaa alikuwa amekwisha kumtania kila aliyefika kisimani. Nyati akioga mtoni, Mapengo alisema, wanaokunywa huko chini hawahitaji kuunga mchuzi. Kiboko alipopiga miayo, Mapengo alimwomba afunge mlango, baridi inaingia. Watu walicheka, na waliotaniwa walicheka pia. Lakini Bi Pimbi hakuwatazama nyuso walipocheka. Alitazama mikono yao.

Zamani asingekuwa na hofu hiyo. Ugomvi wa kijiji kile ulikuwa wa pembe na mateke. Wawili wakikosana wanavaana, puu, puu, mmoja anaondoka na sikio limevimba, mwingine anachechemea wiki nzima, kisha wanakutana harusini wakigombea ukoko wa pilau.

Ndipo akaja Chui. Alichukua mtoto wa Swala, akachukua na wa Ngiri, na kijiji kikaona pembe hazitoshi. Nungunungu, aliyekuwa fundi, akamtengenezea kila mwenye nyumba upinde na mishale. Alichemsha mizizi mpaka ikatoa sumu nyeusi, nzito kama lami, akaipaka kwenye ncha, kisha akaizungushia kila ncha ukanda wa ngozi ili jua lisiikaushe. Chui hakumaliza mwezi.

Tumshukuru Nungunungu kwa hilo. Kazi yake aliifanya vizuri. Lakini Chui alipokufa, mishale haikurudi kwa fundi. Ilibaki katika mapodo yaliyotundikwa kando ya kila mlango, mahali ambapo mkono unafika bila mtu kuinuka kitini.

Mwaka uliofuata, Mhanga, mchimba makaburi wa kijiji, alichimba makaburi tisa kati ya mavuno na mavuno. Hakuna hata moja lililoletwa na adui kutoka nje. Moja lilikuwa la shemeji yake Ngiri. Walibishana juu ya mkeka, mkeka mpya wa ukindu, nani aukalie. Ngiri alinyoosha mkono mlangoni, chwii, na shemeji hakuimaliza sentensi yake.

Ngiri alilia siku tatu bila kula. Msimwone mbaya. Hasira ilimjia kama inavyotujia sote, ila siku ile podo lilikuwa karibu naye kuliko akili.

Bi Pimbi alishuka kijijini akamkuta Mhanga anafuta jembe lake kwa majani.

"Mzee, na wale wanaopigana kwa pembe siku hizi?"

"Wapo. Hawajapungua."

"Mbona huwataji?"

"Wa pembe huenda nyumbani kukandwa maji ya moto, mwanangu. Wa mshale ndio wanaoletwa kwangu."

Bi Pimbi alipanda mlima akiwaza maneno hayo. Mapengo mwenyewe alikuwa amekwisha kusimama barazani akataka mishale yote itupwe mtoni, na wakamcheka. Kiboko aliuliza ikitupwa mtoni yeye alale wapi. Nyati aliuliza itakuwaje akija Chui mwingine. Fisi aliongeza kwamba anayetaka kuua ataua hata kwa mwiko. Hayakuwa maneno ya kijinga, na Bi Pimbi aliyasikiliza yote. Aliona kwamba hakuna atakayeuacha mshale wake wakati jirani anao wa kwake. Basi, akawaza, wasiombwe kuiacha. Waombwe kuitunza.

Asubuhi moja alikwenda kwa Nyati, mwenye nguvu kuliko wote. Uji ulikuwa jikoni na moshi umejaa nyumba nzima. Bi Pimbi akasimama chini ya podo, akanusa, nf, nf, nf, akatikisa kichwa.

"Shemeji, mshale huu unafukizwa hivi tangu lini?"

"Tangu ulipoletwa. Kwani vipi?"

"Basi tu. Nisikuharibie siku."

"Sema, Bi Pimbi."

"Sumu na moshi haviivani. Jua linaikausha, hilo unalijua, ndiyo maana fundi akaifunga ngozi. Lakini moshi unapenya ngozi. Bibi yangu alikuwa akisema, sumu ikikaa jikoni msimu mzima, haiangushi hata panzi."

Nyati aliutazama mshale wake kama mzazi aliyeambiwa mtoto ana homa.

"Sasa itunzwe wapi?"

"Penye ubaridi, pasipo moto. Pangoni, kwa mfano. Ya kwetu iko huko, ina nguvu ajabu. Ila nakuomba, Ngiri asijue. Akiileta ya kwake ikaishinda yako kwa ukali, lawama zitakuwa zangu."

Siku hiyohiyo Nyati alipanda mlima na podo begani. Ngiri alimwona. Kiboko alimwona Ngiri. Wiki haikuisha, pango lilikuwa limejaa mapodo, na kila mmoja alimnong'oneza Bi Pimbi amwekee la kwake ndani zaidi, penye ubaridi kuliko la jirani.

Fisi peke yake ndiye aliyeuliza kama watayapata wakiyataka.

"Ni mali yenu," Bi Pimbi alijibu. "Njoo wakati wowote. Sharti ni moja. Sumu iliyolala pangoni huamka kwa kuelezwa kazi yake. Mwenye mshale asimame hapa mlangoni, ataje jina la anayemwendea, na kosa lake, kwa sauti."

"Na Chui akija?"

"Chui jina lake ni fupi, na kosa lake tunalijua."

Wakaona ni jambo jepesi.

Wa kwanza kuja alikuwa Kiboko. Kutoka mtoni mpaka pangoni ni mwendo wa nusu asubuhi, na mlima ule haumwonei huruma mwenye tumbo. Alifika akihema, akaomba maji, akataja jina la Swala. Alipoulizwa kosa, alisema Swala amepita mbele yake bila kumwamkia. Neno hilo likarudi masikioni mwake, akaona ni dogo. Akaomba maji mengine, akashuka.

Walikuja na wengine. Wapo walioishia njiani, kwenye jiwe la kupumzikia, wakakaa kidogo, wakakumbuka kwamba wana kunde za kupalilia. Si wote waliopona. Siku moja Fisi na Ngedere walikosana, na Fisi hakuhangaika kupanda mlima. Alichukua mchi akampiga nao, na Ngedere akafa. Bi Pimbi alilia sana siku hiyo, maana aliona Fisi hakukosea barazani. Mchi nao unaua. Lakini mwaka mzima ulikuwa mchi mmoja tu.

Kisha ikafika siku aliyoiogopa.

Mama yake Nyati, kikongwe aliyetembea kwa kuburuta mguu, alikufa kwa uzee, akazikwa kwa heshima. Siku ya tisa, kisimani, Mapengo akaanza kuiga mwendo wa wazee wa kijiji, mmoja baada ya mwingine. Watu wakacheka. Alipoanza kuburuta mguu, wakanyamaza. Alikuwa amesahau. Alipogeuka, Nyati alikuwa nyuma yake na mtungi mtupu.

Nyati aliuweka mtungi chini, akaufuata mlima.

Bi Pimbi alikuwa akianika ulezi juu ya jiwe. Alisikia kokoto zikiporomoka, akachungulia, akamwona Nyati anakuja peke yake, macho mekundu.

"Nipe mshale."

"Karibu, shemeji. Jina?"

"Unalijua."

"Mimi silijui. Na sumu hailijui."

Nyati aliinamisha kichwa. "Mapengo."

Ulezi ukamponyoka mikononi. Bi Pimbi alitamani kusema mshale umepotea, umeliwa na mchwa. Lakini akimnyima mmoja leo, kesho wote watakuja kuchukua ya kwao, na mishale itarudi kando ya milango. Akaingia pangoni, akatoka na mshale, akaulaza juu ya jiwe katikati yao.

"Kosa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Amemuiga mama yangu."

"Amemuigaje?"

"Mguu. Ule mguu wake..."

Nyati akaketi, na polepole akaanza kueleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa ndama alizama kwenye tope la mtoni, na mama yake akaingia kumsukuma kwa nyuma, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mpaka nyonga ikateguka. Mtoto akatoka. Nyonga haikurudi tena mahali pake. Kila hatua mama aliyoiburuta tangu siku hiyo, aliiburuta kwa ajili ya mwanawe.

Machozi yalimtoka mpaka puani. Bi Pimbi alilia naye. Alimwambia hamtetei mumewe, ni mjinga ambaye mdomo wake humtangulia njiani. Akamwambia mshale wake huo hapo.

Nyati aliutazama kwa muda mrefu. Akaugusa ule ukanda wa ngozi, akauacha.

"Urudishe ndani," alisema. "Lakini nitampiga."

"Mpige," alisema Bi Pimbi.

Na kweli alimpiga. Puu! Mapengo aliruka juu ya ua, akatua katikati ya maboga. Meno mengine mawili yakaondoka, na kwa siku kumi na moja alilala akikandwa maji ya moto. Siku ya kumi na mbili alikwenda akichechemea mpaka kwa Nyati, akaketi chini, akaomba radhi. Nyati alimwambia wale uji kwanza.

Lakini uongo nao una siku yake. Baada ya mavuno Nyati alikwenda kwa Nungunungu kurekebishiwa upinde. Juu ya jiko alikuta mishale ya wateja wa mbali inaning'inia, imefunikwa na moshi mzito. Akauliza kama haitaharibika. Nungunungu alishangaa. Moshi hauifanyi sumu kitu, alisema. Yeye huiweka hapo miezi mitatu ndipo aiuze.

Baraza likaitwa siku hiyohiyo. Bi Pimbi akasimamishwa katikati.

"Ulitudanganya?" Kiboko aliuliza.

"Niliwadanganya. Nilimwogopea mume wangu. Nilianza kwa ajili yake tu, siwezi kujipamba kwa uongo wa pili. Mapodo yenu yapo, hakuna lililopungua mshale. Mkitaka, yachukueni leo."

Minong'ono ikazagaa. Mhanga akainuka, akiegemea jembe.

"Mwaka jana nilichimba tisa," alisema. "Mwaka huu mawili. La mama yake Nyati, aliyekufa kwa uzee, na la Ngedere. Mikono yangu ilipata nafasi, ndiyo maana bustani zenu zina mtaro wa maji. Mimi namshukuru."

Akakaa. Nyati akasimama, na watu wakasogea nyuma kidogo.

"Nilipanda mlima na hasira," alisema. "Nyingine niliimwaga njiani, iliyobaki niliiacha mlangoni pake. Leo ningekuwa nimemwua mtu anayenichekesha. Asante, Bi Pimbi. La kwangu libaki hukohuko."

Ndipo Ngiri, aliyekuwa nyuma kabisa, ambaye tangu kifo cha shemeji yake hakuwa mtu wa kuongea, akainua kichwa.

"Mimi nina swali moja tu," alisema. "Mbona hukuja kutudanganya mapema, kabla ya siku ile ya mkeka?"

Bi Pimbi alitoka katikati, akapita kati ya miguu ya wakubwa, akaenda kuketi karibu naye. Walikaa hivyo mpaka baraza likaisha, na hakuna aliyepanda kuchukua podo lake.

Jioni Bi Pimbi alipanda mlima, na Mapengo akimfuata nyuma, akichechemea, akimwelezea jinsi Kiboko alivyokaa barazani na kuziba mlango kwa mgongo. Bi Pimbi alicheka mpaka akasimama kushika jiwe. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu siku za Chui, kucheka mzaha wa mumewe bila kutazama mikono ya mtu yeyote.

Hadithi yangu naiacha hapo pangoni, nanyi mshuke na neno hili: hasira haiwezi kukosa kuja, basi silaha ikae mbali nayo, ili hasira ikiifikia iwe imekwisha kuchoka.