Tairi Lisiloulizwa

Pacha wa nje hamsemei wa ndani. Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana, wageni wa posa wakiwa wamekaa sebuleni, na baba mdogo wa binti akawa ameshajibu kwamba binti amekubali, ukoo umekubali, tena kwa moyo mkunjufu. Shangazi akaweka kikombe chini, akasema maneno hayo, kisha akataka binti aitwe aulizwe mwenyewe. Mkaona watu wazima wamenywea, nanyi mkaja kuuliza pacha hao ni akina nani, maana katika ukoo huu hamjasikia wakizaliwa. Hamkukosea. Pacha hao si watu, ni matairi, na msemo wenyewe ulianzia barabarani, kwa mume na mke waliokuwa wakiishi ndani ya gari.

Mume aliitwa Ambakisye Mwalukasa. Alikuwa ameendesha malori ya watu kwa miaka thelathini na moja, na siku alipostaafu akanunua lori lake mwenyewe, kuukuu lakini la uhakika. Wenzake walidhani atabeba mkaa. Yeye akalijengea nyumba mgongoni: kuta za mbao, paa la bati, madirisha mawili yenye mapazia, kitanda, jiko la gesi na pembe moja ya kuweka cherehani. Watu wa Tukuyu walicheka wakaliita gari-nyumba, na jina likakaa.

Cherehani kilikuwa cha mkewe, Subilaga. Alikuwa fundi wa sare za shule, na mkono wake ulijulikana; kola yake haikujikunja hata ikifuliwa mwaka mzima. Mpango wao ulikuwa mwepesi kuusema. Watazunguka na gari-nyumba kwenye minada, kutoka Mbalizi hadi Njombe, yeye akishona na mumewe akiendesha, na jioni watalala palepale walipoegesha. Mwaka wa kwanza Subilaga aliupenda mpango huo. Wa pili aliuvumilia. Kufikia mwaka wa nne miguu yake ilikuwa inavimba kila jioni, kwa kukanyaga cherehani mchana kutwa na kurushwarushwa barabarani siku inayofuata, na alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, kurudi nyumbani akakae.

Sasa mtauliza, si angesema? Hapo ndipo penye kazi. Ambakisye hakuwa mume mbaya. Aliteka maji, alichemsha chai kabla mkewe hajaamka, na hakuwahi kumnyanyulia mkono wala sauti. Ila alikuwa na ugonjwa wa kujibu. Mtu akisalimia wawili, anajibu yeye kwa wote wawili. Siku moja mnadani Chimala, mama mmoja muuza mihogo alimwona Subilaga akishuka ngazi kwa kuchechemea, akamuuliza, "Mama, mguu umefanyaje?" Kabla Subilaga hajafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma ya gari: "Aliukalia tu huo. Sisi tuko imara, mama, barabara ndiyo kwetu." Muuza mihogo akacheka, akaondoka. Subilaga naye akacheka, kwa sababu wengine wote walikuwa wanacheka, lakini moyoni aliumia.

Mara tatu alijaribu kulisema jambo lake, na mara tatu likajibiwa kabla halijafika mwisho. "Baba Tusekile, nilikuwa nawaza kuhusu nyumbani..." "Hata mimi nimewaza, Mama Tusekile. Tutapita Krismasi." Ndivyo ilivyokuwa. Basi Jumatano moja, wakiwa bado Chimala, alipanga nguo zake kwenye begi akalisukuma chini ya cherehani. Alikuwa amekata shauri. Kesho yake wangefika Makambako, na pale stendi angeshuka na begi, apande basi la kurudi Tukuyu kwa binti yao. Hakujua atasema nini wakati wa kushuka. Alijua tu kwamba asipofanya hivyo atazeeka juu ya magurudumu, na kwamba akifanya hivyo huenda ndoa ya miaka thelathini na mitatu ikaishia stendi mbele ya wauza karanga. Aliogopa yote mawili.

Tuje kwenye matairi. Lori la namna ile lina matairi sita. Mbele moja moja, nyuma mawili mawili kila upande, yamebanana kwenye ekseli moja, la nje na la ndani. Madereva huyaita pacha. La nje unaliona. La ndani limejificha nyuma ya mwenzake, na ukitaka kulipima upepo ni lazima upenyeze mkono kwenye matundu ya rimu, uitafute vali, pale pa kujazia upepo, kwa kupapasa, na utoke na grisi mpaka kwenye kiwiko. Fundi aliwahi kumfungia Ambakisye mirija ya kurefushia zile vali ili zifikiwe kwa urahisi. Mirija ilipokatika kwa mawe ya barabara ya Kapunga, hakuirudishia.

Yeye alikuwa na rungu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, alilizunguka taratibu akigonga kila tairi la nje na kutega sikio. Tairi lenye upepo linarudisha rungu kwa mlio mkavu, lililolegea linanguruma. Madereva wa zamani wote walijifunza hivyo, na sikio la Ambakisye lilikuwa kali kweli. Watu walisimama kumtazama, naye alijua wanamtazama. Mwaka ule Subilaga alimuuliza mara moja, "Na yale ya ndani?"

"Hao ni pacha," akajibu. "Wanatembea pamoja, wanalala pamoja. Ukishamuuliza mmoja, umewauliza wote."

Asubuhi ya Alhamisi aligonga kama kawaida. Mlio mkavu, mlio mkavu, mlio mkavu. Akaridhika, wakaondoka. Ilikuwa Novemba, jua kali, na gari lilikuwa zito kuliko siku zote kwa sababu sare za kufungulia shule Januari zilishaanza kuagizwa na Subilaga alikuwa amepakia majora kumi na sita ya kitambaa. Walipita Igawa saa tano. Barabara ikaanza kupanda. Subilaga alikaa mbele pembeni mwa mumewe, anahesabu vijiji vilivyobaki hadi Makambako, na katika kila kijiji anatunga sentensi ya kwanza kisha anaitupa.

Mlipuko ulipokuja alidhani wamepigwa na kitu. Nyumba nzima iliegemea kushoto, sufuria zikaanguka, na gari likavutwa kuelekea ukingoni ambako chini kulikuwa na korongo. Ambakisye hakukanyaga breki. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaachia mafuta, akaliacha gari lijichokee lenyewe mpaka likasimama kwenye changarawe, hatua tatu kutoka ukingoni. Hilo alilifanya vizuri, na tumpe haki yake.

Tairi la nyuma kushoto, la nje, lilikuwa limechanika vipande vipande. Ambakisye alilitazama kama mtu aliyesalitiwa. Aliokota kipande, akakigeuza, akasema, "Nimeligonga asubuhi. Mama Tusekile, si ulinisikia? Lilikuwa zima." Alirudia neno hilo mara tatu, kuwa lilikuwa zima.

Mwendesha pikipiki aliyekuwa akipita alipeleka habari kijiji cha mbele, na baada ya saa moja akaja fundi wa pancha, mtu wa makamo aliyeitwa Msigwa, amepakia jeki, spana na tairi kuukuu la saizi ileile. Akawaamkia wote wawili. Ambakisye akaitikia kwa wote wawili.

Msigwa aliinua gari, akafungua nati, akalivua tairi lililopasuka. Halafu akachuchumaa muda mrefu akiangalia lile la ndani. Akalibonyeza kwa kiganja, likabonyea. Akaingiza kipimo kwenye vali, mshale haukucheza.

"Mzee," akasema, "hili halina upepo. Na si la leo. Ona lilivyojisaga ubavuni. Hili lina wiki mbili, pengine tatu."

"Haiwezekani. Mimi nagonga kila asubuhi."

"Unagonga lipi?"

Ambakisye akalinyooshea kidole lile lililopasuka.

"La nje lilikuwa zima, hujakosea," Msigwa akaendelea, huku akijifuta mikono kwa kitambaa. "Ndiyo maana limekufa. Limebeba mzigo wake na wa mwenzake, wiki tatu, na jua hili. Likachemka mpaka likachoka. Ukiligonga linakujibu vizuri kwa sababu linajijibia lenyewe. Wa nje hawezi kumsemea wa ndani, mzee. Kila mmoja ana vali yake. Pima asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, mmoja mmoja, kwa kipimo. Rungu liache."

Alisema bila ukali, kama mtu anavyotaja bei ya sukari. Kisha akamgeukia Subilaga, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe miguu kaiweka mbele. "Na wewe mama, umeumia?"

"Hajambo huyo," akasema Ambakisye. "Sisi hatu..."

Akaishia hapo. Hakuna aliyemkatiza. Macho yake yalikuwa bado kwenye tairi la ndani, na kutoka pale yakahamia kwenye miguu ya mkewe. Ilikuwa imevimba mpaka kamba za kandambili zimezama ndani ya nyama. Aliiona kama mtu anayeiona mara ya kwanza, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akaja akachuchumaa mbele yake pale kwenye changarawe.

"Mama Tusekile. Hujambo?"

Subilaga alikuwa ametunga sentensi ishirini tangu Igawa, na hakuikumbuka hata moja. "Sijambo kidogo tu," akasema. "Miguu inaniuma, Baba Tusekile. Inaniuma tangu mwaka juzi. Nimechoka na barabara. Nataka kulala kwenye nyumba ambayo nikiamka asubuhi nje ni palepale pa jana. Begi langu liko chini ya cherehani. Nilikuwa nishuke Makambako, nirudi nyumbani."

"Bila kuniambia?"

"Ningekuambia stendi."

"Tangu mwaka juzi, na hukusema?"

"Kila nilipoulizwa, ulikuwa umeshajibu."

Msigwa aligundua ghafla kwamba nati zake zinahitaji kuhesabiwa upya, akaenda upande wa pili wa gari. Ambakisye alifungua kinywa. Mnajua alivyokuwa, majibu hayakumpungukia hata siku moja. Safari hii alikifunga kinywa, akakaa chini, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi akamsikiliza mkewe mpaka akamaliza. Ilichukua muda. Subilaga alimweleza habari ya miguu, na ya mjukuu anayekua bila kumjua bibi yake, na jinsi alivyokuwa akicheka pamoja na watu huku anataka kulia. Sasa alilia kweli. Ambakisye hakumwambia anyamaze.

Matairi mawili yalifungwa, moja la akiba na lile kuukuu alilokuja nalo Msigwa, na yote yakapimwa. Walipofika stendi ya Makambako, Ambakisye alilibeba begi mwenyewe mpaka kwenye basi. Alimwomba mkewe ampe wiki tatu apeleke Njombe sare zilizokwisha kushonwa, maana watoto wa watu walikuwa wanazingoja. Hakuuliza itakuwaje baada ya hapo, na Subilaga hakusema. Basi liliondoka. Kila mmoja alibaki na hofu yake.

Watu wa Njombe walimzoea Ambakisye wa kelele. Alipoegesha gari-nyumba sokoni na kuanza kugawa sare peke yake, akichanganya saizi, wanawake wakamzunguka. "Mama yuko wapi? Mama hajambo?"

Jibu lake lilikuwa pale pale kwenye ulimi, la miaka yote. Lakini aliwaambia, "Mimi sijambo. Yeye bado sijamuuliza leo." Akatoa simu mbele yao, akapiga, akauliza, akasikiliza. Siku ile Subilaga alijibu kwamba hajalala vizuri. Ambakisye akalirudisha jibu hilo kwa wanawake wale kama lilivyo, bila kuongeza chumvi.

Wakashangaa, kwa sababu mwanamume wa umri ule kumpigia simu mkewe sokoni kumuuliza hali, kisha akairipoti ilivyo, si jambo walilolizoea. Mmoja akamtania, "Mzee Mwalukasa, siku hizi hujui tena hali ya mkeo mpaka umpigie simu?" Naye akawasimulia yote: rungu, mlio mkavu, la nje lililokuwa zima mpaka likafa, la ndani lililokaa wiki tatu bila upepo na hakuna aliyeliuliza. Alisimulia Njombe, akasimulia Makambako, akasimulia Chimala kwa yule mama wa mihogo. Hakujificha, na watu wakayachukua maneno yake kwa kadiri yalivyowafaa, wengine kwa ndoa zao, wengine kwa watoto wao, wengine kwa mabaraza ya ukoo ambako mmoja husimama akasema "sisi" na waliokaa nyuma yake hawajasema lolote.

Kila asubuhi alipima matairi sita kwa kipimo, mkono ukiwa na grisi hadi kwenye kiwiko, kisha akapiga simu. Siku nyingine Subilaga alisema anaendelea vizuri. Siku nyingine alisema hataki kuongea, na Ambakisye akajifunza kwamba hilo nalo ni jibu. Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, alipiga kama kawaida akauliza kama kawaida.

Kukawa kimya upande wa pili. Zamani kimya kama kile asingekivumilia hata pumzi moja, angekijaza. Safari hii alisimama pembeni ya gari na simu sikioni, anangoja. Aliogopa kuliko alivyoogopa pale ukingoni mwa korongo.

"Nimeota umekuja," akasema Subilaga mwishowe. "Uje basi. Ila gari lilale nje ya uzio, na wewe ulale ndani."

Pacha wa nje hamsemei wa ndani.