Kata ya Kwanza

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja ambaye binti yake alikuwa anapata kipaimara. Mama huyu alikaa kule juu kwenye migomba, ambako sherehe haiitwi sherehe mpaka pombe ya ndizi ipikwe nyumbani, na mwenye nyumba aipike kwa mikono yake.

Alikuwa mtu wa kufikiria mbele. Wenzake wakiulizana nyama itatosha, yeye aliulizana na nafsi yake nani atakunywa nini na atarudije kwake. Soda aliziweka kivulini nyuma ya nyumba. Kwenye kila meza alipanga jagi la maji. Alisema chakula kitoke kabla ya pombe, ili mtu asinywe na tumbo tupu halafu tukamlaumu yeye. Tena akamwomba jirani mwenye bodaboda, Msabato asiyegusa kileo, asiende mjini siku hiyo, awepo wa kumrudisha atakayezidiwa.

Wanawake waliokuja kumenya ndizi walimcheka.

"Mama, unaandaa sherehe au wodi?"

"Naandaa vyote viwili," akasema, akaendelea kumenya.

Lakini lilikuwapo jambo moja lililomnyima raha. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ndiye mkubwa wa ukoo. Kwa desturi yao, aliyepika pombe huonja kata ya kwanza, kibuyu cha kwanza kuchotwa, mbele ya watu, kisha humpa mkubwa wa ukoo. Mkubwa akishakunywa, ndipo humwombea mtoto. Asipokunywa hakuna maombi, na watu huenda nyumbani wakinong'ona kwamba mtoto yule amekataliwa na wakubwa zake.

Na shemeji huyo alikuwa ameacha pombe. Si kwa kupenda. Aliugua, akalazwa, na daktari akamwambia ini lake halina nafasi ya kinywaji kingine. Tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa kwake. Alikuwa anajijua. Akionja, ataongeza, na akiongeza hatajua alipoishia.

Siku chache kabla ya sherehe, mke wake alileta sufuria la kuazima. Akaliweka chini, akabaki amesimama.

"Dada, mume wangu hatakuja. Anasema siku hiyo atakuwa na homa."

"Homa gani hiyo inayojua tarehe?"

"Homa ya kata," akasema mke wa shemeji, na hakucheka. "Akikataa mbele ya ukoo, mwanao ataaibika. Akipokea, nitarudi naye hospitali. Bora alale."

Mama akaliinua lile sufuria, akalisogeza jikoni.

"Mwambie aje," akasema. "Kata yake naijua mimi."

Unajua alifanya nini? Alipika togwa, kinywaji kitamu kisicholewesha. Ulezi ule ule anaoweka kwenye pombe, rangi ile ile, chenga zile zile zikielea juu. Aliipika kidogo, kwenye chungu kidogo, akakificha nyuma ya mlango wa jiko. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Ni pua na mdomo tu vinavyojua.

Siku ikafika. Shemeji alikuja. Alikuwa amepaka viatu rangi, akakaa kwenye kiti cha mbele na kofia yake gotini. Kulia kwake alikaa mzee mwingine wa ukoo, mtu mwenye ulimi, ambaye watu walimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Ndiye aliyemkuta kijana mmoja kwenye harusi akinywa soda, akamuuliza mbele ya wakwe zake kama ameanza kunyonya tena.

Mama akaleta kata. Akaonja, akapiga magoti, akaitoa kwa mikono miwili.

"Karibu, baba mkubwa."

Shemeji aliipokea. Aliisogeza mdomoni, na pua ikamwambia kabla ya ulimi. Akamtazama mama. Mama alikuwa anatazama vile viatu vilivyopakwa rangi. Basi akanywa, akanywa tena, akasimama, akamwekea binti mkono kichwani, akamwombea maombi marefu kuliko yote aliyowahi kumwombea mtoto wa ukoo ule.

Hapo mama akashusha pumzi. Na hapo hapo akakumbuka.

Kata ya kwanza haikai kwa mtu mmoja. Mtoto yeyote wa kule anajua hilo. Inazunguka kwa wazee wote wa mbele, mdomo kwa mdomo, mpaka iishe. Mama alimfikiria mtu mmoja kwa siku nyingi hata akasahau anayekaa kulia kwake. Na kata ilikuwa imeshafika mikononi mwa yule mwenye ulimi.

Mzee akanywa. Akasita. Akatazama ndani ya kata. Watu walikuwa wakimtazama, maana siku zote alikuwa na la kusema, na wengine walishaanza kutabasamu wakilisubiri. Mama aliona shemeji yake ameshika kofia kwa mikono yote miwili.

"Mama," mzee akaita.

"Abee, baba."

"Hii umeipika mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Una mkono mzuri."

Akanywa tena, funda kubwa. Hakusema uongo, mwaona? Kisha akampa wa tatu, lakini hakuiachia kata mara moja, mpaka yule akainua macho wakatazamana. "Polepole," akamwambia. "Hii ni ya mtoto." Wa tatu akanywa, akafuta masharubu, akampa wa nne. Kata ikarudi kwa mama ikiwa tupu, na majagi ya pombe yakaanza kupita, na ngoma ikaanza.

Tungeishia hapo, tungerudi nyumbani tumefurahi. Lakini habari haikuishia hapo.

Jua lilipoanza kushuka, mama alikuwa jikoni akikwangua masufuria, akaona kivuli mlangoni. Alikuwa yule mzee mwenye ulimi, peke yake. Mama akajua amekuja kumkaripia kwa kuchezea desturi. Akafuta mikono, akasubiri.

Mzee alitazama nyuma yake kwanza.

"Mama, ile ya kwanza imebaki?"

Mama hakuelewa.

"Ile tamu," akasema mzee, kwa sauti ya chini. "Nikiwacheka wenzangu, hakuna anayeangalia kata yangu. Mke wangu yuko kwao tangu mavuno, kwa sababu ya kitu hiki. Leo, nilipoonja ile, nilidhani labda nitaweza kukaa na watu nikarudi nyumbani na kichwa changu."

Mama akakimbilia nyuma ya mlango, akakiinua kile chungu kidogo. Akakiinamisha. Lilitoka tone, likafuatwa na chenga.

Alikuwa amepika ya mtu mmoja.

"Ngoja, baba, kuna soda, kuna maji..."

"Maji mbele ya wale?" Mzee akatabasamu. "Mimi? Mama, usijali. Umefanya vizuri."

Akarudi kwenye kiti chake. Jagi lilikuwa linapita. Jioni, wa kwanza kubebwa na yule Msabato wa bodaboda alikuwa yeye.

Sasa sisi, wapendwa. Tusimlaumu yule mama. Alifanya wema ambao wengi wetu hatujaufikia. Yule mzee pia tusimsahau, alimfichia mwenzake aibu huku ya kwake ikimchoma. Lakini tujiulize. Mbona tunawapikia wale tu ambao shida yao imeshafika hospitali? Yule anayecheka kwa sauti kuliko wote kwenye sherehe zetu, nani amewahi kumuuliza kama anataka kile tunachommiminia? Tunamjazia kwa sababu anacheka. Tunasema huyo hana neno.

Na kwa nini togwa ikae nyuma ya mlango? Ingekaa mezani, katikati ya majagi mengine, kwenye kata zile zile, nani angehitaji kuja jikoni kuiomba kwa kunong'ona?

Wiki ijayo tuna sherehe kwenye jumuiya yetu. Najua tumeshagawana kazi, wa nyama yupo, wa pombe yupo, wa soda yupo. Naomba tutafute na wa togwa. Naye akiuliza apike ya watu wangapi, msimtajie majina. Mwambieni achukue sufuria kubwa.