Kompyuta ya Muhindo wa Bwera

Nyoka akishaingia chini ya kitanda, fimbo nzuri iliyoachwa shambani haina kazi. Mwenye nyumba atashika hata mwiko, mradi uko karibu. Ndiyo maana wahenga wakasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wakubwa wetu wana fimbo nyingi, tena ndefu, lakini zote ziko mbali. Aliyeuonja ukweli huo ni Eriya, mkulima wa Kilembe.

Eriya alikuwa mgane. Mkewe, Alisi, alifariki mwaka ambao zahanati ilikosa dawa na viongozi wakapata magari mapya. Alimwachia mibuni aliyoipanda kwa mikono yake mlimani, na binti mmoja, Sylivia.

Sylivia alikuwa amekodi chumba mjini Kasese ili vijana waje kucheza mpira wa kwenye kompyuta kwa malipo. Viti alikuwa navyo, umeme alivuta. Kilichokosekana ni kompyuta yenyewe, ile ya michezo, yenye nguvu kama fahali. Mpya ilikuwa haishikiki kwa bei, na mwenye chumba alikwisha kusema: mwisho wa mwezi bila kazi, funguo zirudi.

Siku moja akaona tangazo mtandaoni. Mtu aliyejiita Muhindo, wa Bwera, mji wa mpakani na Kongo, alikuwa anauza yake iliyotumika. Pichani ilikaa mezani, ubavu wake wa kioo ukiwaka bluu na nyekundu kama harusi, na nyuma yake pazia la maua ya njano. Waliandikiana ujumbe tu. Muhindo akaomba nusu ya bei itangulie, kwa sababu kulikuwa na mteja wa Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyeimezea mate.

"Baba, tutume?" Sylivia akauliza.

"Muhindo ni jina la kwetu," akajibu Eriya. "Mtu wa kwetu hawezi kutula."

Hapo akakosea. Kwa Wakonzo, kabila la Eriya, jina hilo hupewa mtoto anayebadilisha zamu: wavulana wakifuatana akaja msichana, au wasichana wakifuatana akaja mvulana. Kila kijiji kina wake. Kusema unamjua Muhindo ni kama kusema unalijua jiwe la mto Nyamwamba. Lakini pesa ya kahawa ya Alisi ikatumwa.

Ijumaa, siku ya soko, baba na gambuti zake za shambani, pamoja na binti yake, wakafika Bwera asubuhi kukutana na muuzaji sokoni kama walivyoagana. Wakapiga simu. Haipatikani. Wakapiga tena, haipatikani. Moyo wa Eriya ukaanza kudunda kama mchi kinuni. Akamwendea bibi mmoja aliyeuza samaki wa chumvi.

"Mama, hapa unajua Muhindo?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiye unauza kompyuta?"

"Kompyuta? Hata redio yangu waliiba!"

Muhindo wa pili alikuwa fundi baiskeli. Wa tatu alikuwa mchungaji, naye aliwaombea tu. Eriya akaona jasho la marehemu linakwenda na maji. Wakakimbilia ofisi moja yenye bendera, ambako askari alikuwa anachokonoa meno.

"Afande, tumeibiwa kwa simu."

"Simama vizuri, mzee. Umeleta karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Ya kuandikia. Hapa hakuna. Na mkubwa ameenda mkutano. Rudi Jumatatu."

"Jumatatu mwizi atakuwa amefika Kinshasa!"

"Basi Jumatatu tutaandika kwamba amefika Kinshasa. Toka."

Eriya alitoka akinung'unika. Kodi wanajua kuikusanya mpaka shilingi ya mwisho, lakini karatasi moja hawana! Akaketi kwenye kibaraza cha fundi cherehani na kushika tama. Fundi huyo alikuwa Rachelle, mwanamke aliyekimbia vita kutoka Butembo.

"Papa, kuna nini? Uko kama mutu wa kilio."

Sylivia akamweleza yote.

"Muhindo gani? Hapa ba-Muhindo beko mingi kuliko mbuzi! Leta ile foto nione."

Rachelle alipopewa simu, hakuitazama kompyuta hata kidogo. Alilikuza pazia kwa vidole viwili, akaisogeza simu puani, kisha akapiga kofi pajani.

"Hii rido ni mimi nilishona! Angalia huku chini: uzi ya njano iliniishia, nikamalizia na ya kijani. Ni ya kwa Mama Asmah, pale nyuma ya kinu ya kusaga mahindi. Simama, papa, twende."

Akaiacha nguo ya mteja katikati ya mshono, akawatangulia. Mlangoni mwa nyumba ile walimkuta msichana mrefu ameketi karibu na katoni kubwa, jasho likimtiririka.

"Tunamtafuta Muhindo," akasema Eriya kwa ukali.

"Ni mimi. Nyumbani naitwa Asmah. Ni nyinyi wa Kasese? Nimezunguka soko na hii kitu kichwani tangu asubuhi! Umeme umekatika siku ya tatu, simu imekufa. Na wewe mzee nimekupita mara mbili!"

"Mbona hukuniita?"

"Mzee wa gambuti na gemu? Mimi nilikuwa natafuta kijana wa kiume."

"Na mimi nilikuwa natafuta mwanaume," akakiri Eriya.

Rachelle akacheka mpaka akashika ukuta. Hata hivyo nyoka alikuwa hajafa. Bila umeme, nani angejua kama kompyuta ile ni nzima? Eriya akakataa kumalizia malipo; mbuzi wa kwenye gunia hakuwa tayari kumnunua. Wakubwa wa umeme walikuwa wameahidi kuurudisha, lakini ahadi haijapata kuwasha taa. Rachelle akaelekea kwenye kinu cha jirani, kilichokuwa na jenereta yake.

"Bwambale! Simamisha mashini, tuko na mugonjwa!"

"Mgonjwa gani?"

"Kompyuta!"

Wanawake waliosubiri kusagiwa wakaguna. "Tulieni, mama zangu," Bwambale, mwenye kinu, akawaambia, "mahindi hayana miguu."

Asmah akaleta skrini kutoka ndani, nyaya zikaunganishwa. Feni zikavuma, taa zikawaka bluu na nyekundu, lakini skrini ikabaki nyeusi kama chungu.

"Jumatatu ilikuwa inafanya vizuri, haki ya Mungu!" Asmah akalia.

Sylivia akaisogelea. Akaizima, akafungua ubavu wa kioo, akaichomoa kadi inayopeleka picha kwenye skrini, iliyokuwa imelegea kwa kutikiswa kichwani soko zima. Akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akairudisha, akaikandamiza mpaka ikalia *ka!* Akawasha tena.

Uwanja wa kijani ukaijaza skrini. Sylivia akacheza, akapiga chenga, akafunga bao. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Hee! Mpira bila vumbi!"

Eriya akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia la kahawa baada ya kilima kizima. "Jasho la mama yako halikupotea," akamwambia binti yake, huku machozi yakimlenga. Akamlipa Asmah kilichobaki, kisha akamgeukia Rachelle na noti mkononi.

"Weka, papa," Rachelle akamkatalia. "Nimetembea hatua mia tu. Kazi iko inaningoja."

Ofisi yenye bendera ilikuwa na bunduki, muhuri na gari. Mgeni mwenye cherehani alikuwa na macho na miguu tu, lakini alikuwa karibu, na akainuka. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.