Aliyemsindikiza Mgonjwa

Wapendwa, kabla sijalifunga neno hili, twendeni kidogo kwenye benchi la kituo cha afya, tuwaangalie wazee wawili, mume na mke, waliokaa pale.

Mzee mwenyewe alikuwa mrina asali. Nyuki aliwaendea mikono mitupu na hakukimbia. Lakini alipoambiwa akapimwe moyo, kwa kuwa presha yake ilikuwa haitulii, hata uji haukupita. Nani aliuamkia uji huo? Mkewe. Nani aliweka maji, dawa na shuka kwenye kapu, akalibeba begani? Mkewe huyo huyo. Njiani kuna kilima, na mama alisimama mara kwa mara akijifanya anafunga kanga vizuri. Mzee akamwita kutoka mbele, "Mama watoto, leo unanichelewesha."

Zamani kipimo kile kilikuwa mjini tu, safari ya kulala njiani. Sasa daktari, binti wa kuwa mjukuu wao, alikitoa mfukoni mwa koti. Ni kidude cha kushika mkononi, chenye waya unaochomekwa kwenye kishikwambi. Kikigusa kifua, unauona moyo kwenye kioo ukifunguka na kujifunga.

"Shikamooni," akasema daktari. "Mama, wewe hujambo?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo, mgonjwa ni baba huyu."

Mmelisikia hilo jibu? Lishikeni.

Mzee alipokiona kidude alirudi nyuma hadi ukutani. "Hicho kina umeme. Kitanizima moyo." Daktari akambembeleza, wapi. Ndipo mama akacheka, akaweka kapu chini.

"Mrina asali mzima unaogopa kidude? Haya mwanangu, anza na mimi, aone kwamba hakiumi."

Akalala kitandani. Daktari akampaka yale mafuta ya kipimo, akaweka kidude kifuani. Mama akamgeukia mumewe. "Umeona? Ni baridi tu."

Daktari alikisogeza kidude, akakirudisha palepale, akatazama kioo kwa muda mrefu.

"Mama, ukipanda kilima unapumuaje?"

"Kawaida. Nasimama kidogo tu."

"Na ukilala?"

"Siku hizi nalala nimeegemea ukuta. Nilidhani ni uzee."

Daktari akambonyeza mguu uliovimba kwa kidole, na shimo likabaki. Wapendwa, moyo wa mama yule ulikuwa umetanuka na kuchoka, unasukuma damu kwa shida. Mzee naye alipopimwa, moyo wake ulikuwa unadunda vizuri.

Mzee akakaa sakafuni, pale penye kapu. "Mama watoto, mbona hukuniambia?"

"Ningeugua mimi," akajibu polepole, "wewe nani angekuleta?"

Yule mzee alilia mbele ya binti mdogo, wala hakuona haya. Daktari akawashika mikono wote wawili. "Mama amewahi. Dawa za kuusaidia moyo huu zipo, na tutakuwa tunamwangalia hapa hapa." Wakarudi nyumbani, kapu likiwa begani mwa mzee. Na pale kilimani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, kabla mama hajahema.

Sasa tujiangalie sisi. Ni wangapi humu tumekuja kumsindikiza mgonjwa? Neno likisomwa tunampimia jirani: hili lingemfaa mume wangu, lile ni la yule dada wa kwaya. Mungu anatuuliza kwa upole, "Mwanangu, hujambo?" Nasi tunajibu upesi, "Sijambo, Bwana, mgonjwa ni huyu." Tumezoea kusema sijambo hata pumzi ikiwa imekata.

Nanyi mnaobeba makapu ya nyumba zenu, sisemi myatupe. Nasema nanyi mlale kitandani mpimwe, huko hospitali na hapa mbele za Mungu. Na wewe unayetangulia kilimani, leo geuka. Mwulize aliye nyuma yako anapumuaje. Akikujibu "sijambo", usiondoke. Kaa naye, mwulize tena.

Tusimame tuombe. Tumezoea kuanza na wagonjwa wetu. Leo kila mmoja aweke mkono kifuani pake, aanze na moyo wake mwenyewe.