Saa Nane ya Kisimani

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Mwenye hadithi ni wewe, tuambie!

Pakawa na kiu. Kiu ya nani?

— Ya kila mwenye koo!

Haya, sogeeni. Na wewe wa huko nyuma, funika hiyo simu, hakuna anayekutafuta.

Zamani, tena si zamani sana, mvua iligoma miaka mitatu. Mto ukakauka, bwawa likawa vumbi. Kikabaki kisima kimoja tu, nacho kilikuwa na lango la chuma. Wataalamu kutoka mbali ndio waliolijenga, wakatia mashine yenye kioo, wakapiga picha, wakaenda zao. Mnyama aliweka unyayo wake kwenye kioo, na kama saa ya maji imefika, lango lilifunguka. Maandishi ya kioo yalikuwa makubwa: MAJI NI SAA 8.

Msimamizi alikuwa Fisi. Nani alimchagua? Hakuna. Wataalamu walipokuwa kambini, yeye alishinda chini ya meza yao akingoja mifupa, akawasikiliza wanavyozungumza. Hiyo ndiyo shule yake yote.

Basi wanyama wakaja saa nane mchana, jua linachoma. Swala akaweka unyayo. Ti! UMECHELEWA. JARIBU KESHO. Nyani akaweka unyayo. Ti! UMECHELEWA. JARIBU KESHO. Nyati naye akaweka unyayo. Ti! UMECHELEWA. JARIBU KESHO.

"Bwana Fisi, mbona tumewahi?" Nyati aliuliza. "Saa nane ndiyo hii."

"Mashine haikosei, mzee wangu," Fisi akajibu huku akichokoa meno. "Kosa ni lenu. Jifunzeni kuwahi."

Kesho yake wakawahi, saa saba na nusu wameshafika. Ti! Umechelewa. Kesho yake wakafika saa sita kamili. Ti! Umechelewa. Kuja mapema zaidi haikuwezekana, maana Fisi alishapiga marufuku: asubuhi mashine inapumzika, na atakayeisogelea atararuliwa.

Aliyeanguka kwenye foleni, Fisi alimbeba kwa upole. "Nampeleka kivulini apumzike," alisema. Wengi walipelekwa kivulini. Hakurudi hata mmoja.

Katika foleni hiyo alikuwamo Bi Sange. Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Alikuwa na mabinti wawili, Siwema na Kidawa. Siku ya tatu Siwema alianguka. Fisi akaja.

"Pole, Bi Sange. Nampeleka kivulini."

Sange aliuona mkia wa mwanawe ukining'inia kinywani mwa Fisi. Alitaka kulia, lakini machozi nayo ni maji, na yeye hakuwa nayo.

Akarudi shimoni. Kidawa alikuwa amelala, midomo imepasuka. Jana aliomba maji. Leo hakuomba chochote, na hilo ndilo lililomtisha mama yake kuliko yote. Sange alijua kabisa: mtoto huyu ana siku mbili, zikizidi sana tatu.

Siku iliyofuata Sange hakupanga foleni. Alikaa pembeni akatazama. Alimwambia Swala, "Hebu nionyeshe unavyofanya." Swala akaonyesha. Alimwambia Nyani, "Hebu nionyeshe unavyofanya." Nyani akaonyesha, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mimi ndiye mjinga, Bi Sange. Mashine ni za wenye akili."

Sange hakumcheka. Alifikiri: mmoja akikosea, sawa, kakosea. Lakini hawa wote, wenye vichwa vya kila namna, wanakosea palepale, vilevile, kila siku? Basi kasoro si yao. Na jambo jingine: mbona ndevu za Fisi ni mbichi wakati nchi nzima imekauka?

Asubuhi yake, jua lilipochomoza, alijibanza kwenye ufa wa ukuta wa kisima. Saa moja ikapita, kimya. Saa mbili, Fisi huyo, anajinyoosha. Akaweka unyayo. Ti! KARIBU. Lango likalia kwiii, Fisi akaingia. Akanywa gugugu, akaoga chwa chwa chwa, akatoka akijikung'uta. Na pembeni mwa kioo saa ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuitazama, ilisomeka 8:00.

Hapo Sange akaelewa. Mashine ilihesabu kama walioiunda wanavyohesabu, tangu saa sita ya usiku. Wanyama walihesabu kama walivyolelewa, tangu jua kuchomoza. Saa nane ya mashine ilikuwa saa mbili yao ya asubuhi. Siwema wake alikufa kwa tofauti ya saa sita tu, na Fisi alijua siku zote.

Awaambie wenzake? Waje asubuhi na midomo mikavu wapambane na Fisi aliyeshiba? Angewararua mmoja mmoja. Sange akameza uchungu, akajitokeza mbele yake.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Umemfuata binti yako?"

"Nimekuja kuomba kazi. Mashine yako ni nzuri, ila ni laini mno."

"Laini kivipi?"

"Inawaambia wajaribu kesho. Kesho, keshokutwa, mtondo, na wewe tumbo linanguruma. Mimi ni mdogo, napenya nyuma ya kioo. Nitaifanya kali: anayekosea mara tatu, unyayo wake unafungwa. Hapati maji tena. Moyo utamvunjika, ataanguka siku hiyohiyo."

Fisi alidondokwa na mate. "Una roho mbaya wewe!" alimsifu. "Na ujira wako?"

"Unile mwisho."

Fisi akacheka hihihiii mpaka akakaa chini.

Usiku huo, foleni ilipokwisha kutawanyika, Sange akapenya nyuma ya kioo. Alikuta vitufe viwili vidogo, kimoja cha makosa, kimoja cha saa. Cha makosa akakiweka kwenye tatu, kama alivyoahidi. Cha saa akakirudisha nyuma mara sita: ti, ti, ti, ti, ti, ti. Mbele ya kioo ni ile saa ndogo ya pembeni tu iliyosogea; maandishi makubwa hayakubadilika hata herufi moja. MAJI NI SAA 8.

Asubuhi, saa mbili, Fisi akaja na kiu yake. Akaweka unyayo. Ti! SAA BADO. Akaweka tena kwa nguvu. Ti! SAA BADO. Si mnajua tulivyo? Kitu kikikataa tunabonyeza palepale, kwa hasira zaidi. Akaupiga unyayo pwaa! Ti! UMEKOSEA MARA TATU. UNYAYO HUU UMEFUNGWA. WAONE WATAALAMU.

Wataalamu wa wapi? Fisi akauma chuma, meno yakavunjika kaka kaka kaka.

Saa nane mchana wanyama wakaja wakijikokota, saa yao ileile. Swala akaweka unyayo. Ti! KARIBU. Kwiii! Wakaingia wote. Fisi alipojaribu kujipenyeza, Nyati, ambaye sasa alikuwa amekunywa, alimgeuzia pembe.

"Mashine ina kosa!" Fisi alilia. "Nimefungiwa bure!"

"Mashine haikosei, mzee wangu," Nyati akamjibu, tena bila mzaha. "Jifunze kuwahi."

Siku ya tatu Fisi alianguka langoni. Hakuna aliyempeleka kivulini.

Lakini mchana ule wa kwanza, Sange hakusimama kumtazama. Alikuwa amejaza kinywani maji ya kumpelekea Kidawa, mashavu yote mawili. Akiwa anatoka, akamsikia Nyati akiwahubiria wenzake.

"Mmeona? Mashine ilikuwa nzima siku zote. Sisi ndio tulikuwa wachelewaji. Leo tumewahi, tumekunywa. Na wale waliokufa, Mungu awarehemu, walizembea."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Sange alisimama. Siwema, azembee? Alikuwa na neno la kusema, na lilimfika mpaka kooni. Angefungua kinywa, maji yangemwagika.

Akakimbia.

Alimdondoshea Kidawa tone la kwanza, likatoka pembeni mwa mdomo. La pili, likatoka. La tatu, koo likacheza. Gug.

Hadithi yangu imekunywa, imelala chali, msiiamshe.

Mnataka fundisho? Haya: mashine ikikukataa, kosa ni lako. Wahi, bonyeza taratibu, na ukizimia kwenye foleni usimlaumu mtu. Ndivyo Nyati anavyofundisha mpaka leo, na mimi simbishii, maana yeye ana pembe na mimi sina.