Stuli ya Mwisho Maabarani

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii yetu ya kengele na sare za shule, palikuwa na shule ya sekondari juu kabisa katika milima ya Taita, mahali ambapo ukungu haubishi hodi. Asubuhi uliingia madarasani kwa madirisha, ukaketi na wanafunzi kwenye madawati ya nyuma, ukatoka saa ulipotaka. Mwalimu akiita jina, sauti ilijibu "Nipo!" na mwenye sauti asionekane. Watu wa huko walizoea kuishi nusu macho, nusu ndotoni. Nawaomba mliokaa hapa msiniharakishe, maana hadithi ya ukungu haikimbizwi.

Katika shule hiyo alikuwako mwalimu wa kemia, jina lake Mkawasi. Mpole wa sauti, mkali wa sheria. Maabara yake ilikuwa ndogo, na mkuu wa shule alikuwa ameshasema: "Hakuna stuli, hakuna mwanafunzi. Sitaki mtoto asimame karibu na asidi." Kidato cha tatu wakachagua masomo, stuli zikajaa moja moja, ikabaki moja tu, ile ya chini ya dirisha. Na walioitaka walikuwa watatu.

Wa kwanza ni Malemba, kijana mrefu mwenye haraka. Baba yake alimwambia waziwazi, "Ukikosa kemia rudi nyumbani, shamba la mkonge linataka watu." Tangu siku hiyo Malemba akilala aliota miiba.

Wa pili ni Wakesho, msichana wa bondeni, kule ambako maji ya kisima hutia meno rangi ya kahawia. Akicheka, kiganja kilikuwa mdomoni. Alitaka kujua kitu kimoja tu, nacho ni kilichomo ndani ya maji yale.

Wa tatu ni Righa. Huyu hakuogopa mkonge wala hakuwa na kisima. Alipenda tu kuuliza kwa nini. Kwa nini ukungu hauanguki chini? Kwa nini uji hufanya ngozi ukipoa? Walimu wengine wakimwona upande huu wa ua, walipita upande ule.

Mwalimu Mkawasi akawaita watatu hao, akawapa jaribio.

"Sikilizeni wanangu," alisema. "Ndani ya chupa kuna asidi, safi kama maji ya mvua, na nimetia matone ya dawa ya kuonyesha rangi. Ndani ya bureti, kioo hiki kirefu chenye mistari, kuna alkali. Mtafungua koki hii ya chini, tone, tone, tone, mpaka chupa igeuke rangi ya waridi. Hapo mfunge, msome alkali imeshuka kiasi gani, muandike."

Kisha akaweka sheria zake.

"Sheria ya kwanza: nitapima mimi kabla yenu, na kipimo changu ndicho kipimo. Atakayekifikia amefaulu. Sheria ya pili: andika ulichokiona. Anayeandika asichokiona, kwangu ni sifuri. Sheria ya tatu: mkemia hujua sababu. Asiyeweza kunieleza kwa nini, huyo amebahatisha. Mmesikia?"

"Tumesikia, Mwalimu."

Hakuna aliyeuliza sheria zikigombana itakuwaje. Kuuliza si ujinga, lakini siku hiyo hata Righa hakuuliza.

Ikafika asubuhi ya jaribio. Ukungu ulikuwa mzito, meza za maabara zikawa zinaelea. Mwalimu Mkawasi aliingia peke yake, akajaza bureti, akafungua koki. Tone, tone, tone. Kila tone lilipogusa asidi lilichanua waridi kidogo, likazunguka, likapotea. Mkawasi akatazama. Waridi ile ilikuwa rangi ya leso aliyopenda kuvaa mama yake siku za sherehe, na mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Tone, tone. Akamwona mama anapita kati ya meza, anafunga leso kiunoni, anataka kusema neno. Machozi yakamlenga. Alipozinduka, tone moja likaigeuza chupa nzima kuwa ya waridi, na haikufifia tena. Akafunga koki, akasoma mstari, akaweka kipimo hicho akilini.

Lakini palikuwa na jambo. Kabla hajaanza, chini ya koki kulikuwa na kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya mtama. Kila mwalimu wa kemia hujua kwamba kiputo hicho hufukuzwa kwanza. Usipokifukuza, kitatoka katikati ya kazi, alkali itajaza nafasi yake, na bureti itasoma zaidi ya kilichoingia chupani. Mkawasi alijua hayo kuliko mtu yeyote mlimani, ila asubuhi ile hakukiona.

Aliyekiona ni Righa. Alikuwa amewahi mapema, amesimama mlangoni, hatua moja tu kutoka meza ya mwalimu, ukungu umemfunika. Alikiona kiputo, akaona kilivyotoka, akaona na mstari ambapo alkali iliishia. Akafungua mdomo, akaufunga. Mtoto humwambiaje mwalimu wake kwamba amekosea, na tena mwalimu anafuta machozi?

Basi wakaitwa ndani wote watatu. Kila mmoja na bureti yake, kila mmoja na chupa yake. Sauti ikawa moja tu chumbani, tone, tone, tone, hata usijue ni bureti au ni paa linalodondosha umande.

Malemba aliwaza shamba la mkonge. Alijaza bureti haraka, naye kiputo kikabaki chini ya koki yake, naye asikione. Waridi ikaja. Akasoma mstari, akaandika alichokiona. Ukawa uleule mstari wa mwalimu.

Wakesho alikiona kiputo chake, akakifukuza. Akapima. Akamwaga, akapima tena. Jibu likarudi lilelile, chini kidogo ya jibu la mwalimu. Mwalimu akapita nyuma yake, akachungulia, akaguna.

"Una hakika, Wakesho?"

Mnajua mguno wa mwalimu. Mguno huo umefuta majibu mengi duniani. Kalamu ya Wakesho ikasimama hewani.

"Ndicho nilichokiona, Mwalimu," akasema, akaandika.

Righa naye alifukuza kiputo, akapima vizuri, akapata sawasawa na Wakesho. Akalitazama jibu lake. Lilikuwa la kweli, naye alijua ni la kweli. Akakumbuka sheria ya kwanza. Akaitazama stuli chini ya dirisha. Kisha akaandika jibu la mwalimu.

Mwalimu akasahihisha. Malemba amepata. Righa amepata. Wakesho amekosa. Wakesho hakulia, aliziba mdomo tu kwa kiganja kama anayecheka, akasogea ukutani.

"Mmebaki wawili," alisema Mkawasi. "Twende sheria ya tatu. Malemba, kwa nini jibu likawa hili, lisiwe lile la Wakesho?"

"Sijui, Mwalimu," Malemba akajibu. "Ndivyo bureti ilivyosoma."

"Righa, kwa nini?"

Ah! Angenyamaza huyu mtoto, angesema "sijui" kama mwenzake, nani angejua? Lakini kumwuliza Righa kwa nini ni kumwonyesha mbuzi majani. Maneno yakamtoka.

"Ni kiputo, Mwalimu. Kilikuwa chini ya koki yako asubuhi. Kilipotoka, alkali ikajaza nafasi yake. Na Malemba alikuwa nacho vilevile, nilikiona, ndiyo maana mmelingana. Jibu la kweli ni la Wakesho. Hata mimi nilipata lake."

"Na ulichoandika?"

Righa akainamisha kichwa. "Nimeandika lako."

Mkawasi akachukua bureti mpya, akafukuza kiputo, akapima mbele yao, macho hayabanduki. Tone, tone, tone. Waridi ikaja, wala safari hii mama hakupita. Akasoma. Jibu la Wakesho! Uso wa mwalimu ukawaka kwa aibu. Wasemao kuteleza si kuanguka hawajateleza mbele ya watoto.

Hapo mlango ukafunguliwa, mkuu wa shule akaingiza kichwa. "Mwalimu Mkawasi, nataka jina moja. Kengele ikilia nafunga orodha."

Akaenda zake. Nao watoto wakaanza.

Malemba akasema, "Mwalimu, sheria ulizitunga wewe. Ulisema tufikie kipimo chako, nimekifikia. Ulisema tuandike tulichokiona, nimeandika. Sikutazama kwa mtu, sikudanganya."

"Lakini ulibahatisha," akasema Righa.

"Nilikosea kosa alilolikosea Mwalimu," akajibu Malemba, sauti imepasuka. "Yeye amekosea, atabaki maabarani. Mimi kosa hilohilo linipeleke kwenye mkonge?"

Mkawasi akaitazama bureti yake ya asubuhi.

Wakesho akatoa kiganja mdomoni, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. "Mimi nilipima asidi, Mwalimu, sikupima moyo wako. Ulinigunia, sikubadilisha. Siku nikipima maji ya kwetu, watu watanigunia zaidi yako, wenye visima na wenye vyeo. Unataka siku hiyo asimame nani?"

"Lakini ulijua kwa nini jibu lako lililingana na ukweli?" Righa akauliza. "Ulipoambiwa umekosa ulikwenda ukutani, ukanyamaza. Hukujua kama umepata."

"Nawe ulijua ukaniacha niende," Wakesho akamjibu. "Tangu asubuhi ulijua! Njia ya mwongo ni fupi, Righa."

"Ni fupi, na nimeikata mwenyewe," akasema Righa, machozi yanamtiririka. "Niliogopa, sikatai. Lakini Mwalimu, bila mimi Wakesho angeondoka hapa akiitwa mkosaji, na wewe ungefundisha kosa mwaka mzima. Ulisema mkemia hujua sababu. Nimekueleza sababu, nikijua itanipokonya stuli. Nani mwingine kati yetu amelipa ili ukweli ujulikane?"

Mwalimu Mkawasi aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alimpenda. Alitamani angalau mmoja wao awe mvivu, au mjeuri, apumue. Akikata kwa sheria ya kwanza aliyoitamka kwa kinywa chake, stuli ni ya Malemba, na neno la mwalimu linabaki neno. Akikata kwa ya pili, ingawa Malemba naye aliandika alichokiona, ni ya Wakesho, aliyeandika cha kweli hata alipoguniwa, na Malemba atakuwa ameadhibiwa kwa kosa la mwalimu wake. Akikata kwa ya tatu, ni ya Righa, na watoto wote wa shule ile watajifunza kwamba unaweza kuandika uongo mradi ujue kuueleza.

Ukungu ulikuwa umejaa tena chumbani. Uliwafunika Malemba, Wakesho na Righa mpaka kifuani, zikabaki nyuso tu, zinamtazama. Huko nje kengele ikaanza kulia. Mkawasi akaishika stuli kwa mikono miwili, akaiinua, akafungua mdomo aite jina.

Msinitazame mimi. Mimi msimulizi, sisahihishi mitihani ya watu. Wala asiniambie mtu "wagawane", maana stuli haigawanyiki, na mkuu wa shule ameshaishika kalamu. Wewe uliyetikisa kichwa Righa alipoandika, na wewe uliyemhurumia Malemba, na wewe uliyesema moyoni "binti huyu, binti huyu!", semeni sasa kengele haijanyamaza: kati ya aliyetii sheria, aliyeshika ukweli, na aliyeujua na kuufichua, je, nani alistahili kuikalia stuli ile?